Stoo ina oili chafu, betri iliyopasuka na dawa za shamba, na mto uko nyuma ya uzio. Naviondoaje?

Mama_Kijenge
Wakuu, habari za leo. Stoo inasafishwa kabla ya masika, hapa Arusha, na kutoka uzio wa nyuma hadi mto Themi ni kama hatua arobaini. Orodha: oili chafu madumu mawili ya lita 5, betri ya gari iliyopasuka ubavuni, thina nusu chupa, kopo mbili za rangi ya mafuta, chupa nne za dawa ya nyanya (mbili hazina lebo), na mfuko wa vidonge vilivyoisha muda. Kijana wa kazi anasema tuchimbe shimo refu tufukie vyote. Mnashaurije?

Fundi_Dramu
Shimo lisahau, dada. Ardhi ya huku ni ya volkano, mwamba wake una nyufa, na mji unakunywa maji ya chemchemi na visima. Kinachobaki kitasombwa na mvua hadi Themi, halafu mto Kikuletwa, halafu bwawa la Nyumba ya Mungu. Tena sheria ya mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wewe uko ndani yake. Choo cha shimo nacho ni shimo tu, usidanganyike.

Oili iache kwenye dumu lake, funga kifuniko, peleka gereji yenye dramu la kukusanyia oili chafu. Usiichanganye na thina, petroli wala maji ya rejeta, maana ikishachanganyika mkusanyaji anaikataa. Wapo watakaoiomba wapake nguzo dhidi ya mchwa. Usiwape: mvua ya kwanza inaiosha, inaishia mtoni.

Choma_Tu
Mwaga mafuta ya taa, washa kiberiti, kazi imeisha.

Bwana_Shamba_Usa
Hapana, mkuu. Moto wa uani haufiki joto la kuunguza sumu ikaisha. Nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu yanazolewa hadi mtaroni. Thina ndiyo itakayokulipukia usoni.

Dada, dawa ya nyanya ndiyo ya kuogopa kuliko vyote hapo. Nyingi za wadudu ni jamii ya sipamethrini, na hizo kiasi kidogo sana majini kinaua samaki. Zile mbili zisizo na lebo usifungue, usinuse, usihamishie kwenye chupa ya soda. Vaa glovu za mpira, zisimamishe ndani ya ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, jaza vumbi la mbao kavu kuzizunguka, kisha andika SUMU ubavuni kwa maka. Iweke mbali na mbolea, chakula na watoto. Kisha wasiliana na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni (wengi bado wanaita TPRI), waeleze ulichonacho kabla ya kubeba.

Kama zile chupa zenye lebo zimebaki tupu: maji robo chupa, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba la kupulizia. Rudia mara tatu. Maji hayo yanapuliziwa kwenye zao lililoandikwa kwenye lebo, si mtaroni. Kisha toboa chupa kitako, asije mtu akaitekea maji.

Magadi_Matupu
Betri. Isimamishe ndani ya beseni la plastiki, upande uliopasuka uangalie juu, glovu na miwani lazima. Beseni la bati maji ya betri yatalila. Palipovuja nyunyiza magadi yale ya makande, yaliyosagwa, kidogo kidogo. Yatachemka kwa povu. Ongeza hadi povu likome. Hapo asidi imekufa ila madini ya risasi bado yapo, kwa hiyo tope lote zoa, funga kwenye plastiki, usilisuuze kwa mpira wa maji.

Ukienda kuuza, mnunuzi wa vyuma chakavu atakwambia mwaga maji kwanza apime kavu. Kataa, tafuta anayeipokea na maji yake.

Mama_Kijenge
Ahsanteni sana. Oili ilishavuja kwenye sakafu ya saruji, na rangi je?

Fundi_Dramu
Sakafu: mwaga vumbi la mbao, liache usiku kucha, fagia, rudia. Sabuni ya unga iwe ya mwisho, na maji ya kufutia yawe ya kitambaa, si ndoo nzima.

Thina iache itulie siku mbili kwenye chupa ya kioo. Ya juu ikishakuwa safi imimine utumie tena. Tope la chini changanya na vumbi la mbao. Rangi hivyo hivyo, itandaze unene wa sentimita 2 nje penye hewa, mbali na jiko, hadi iwe ngumu. Ikishakauka funga kwenye mfuko, waulize wazoa taka wa mtaa kabla hujawapa.

Bwana_Shamba_Usa
Vidonge tusivisahau. Duka la dawa likikubali kuvipokea, wape. Likikataa, vitoe kwenye pakiti, changanya na majani ya chai yaliyotumika au majivu, funga mfuko, uende na gari la taka. Chooni visiende, hasa antibayotiki.

Mama_Kijenge
Nimeelewa. Ndoo na vumbi la mbao leo, beseni la betri kesho asubuhi. Kijana nimemnyang'anya sululu.