Ripoti za mashushushu wa Kiingereza kule Ghuba, 1939 hadi 1945: nani alikuwa anawapa habari?

MsomajiWaUsiku

Wanajamvi, salaam.

Nimekwama mahali, naomba mnikwamue. Nilikuwa natafuta habari za biashara ya lulu ya Bahrain kwenye yale mafaili ya Kiingereza ambayo Maktaba ya Uingereza na Qatar Foundation wameyaweka mtandaoni tangu 2014. Lulu zenyewe nimeshazisahau. Sasa ni wiki ya tatu nasoma ripoti za upelelezi za miaka ya Vita Kuu ya Pili, mpaka macho yanawasha.

Wakala wa kisiasa wa Bahrain, yaani mwakilishi wa serikali ya Uingereza huko, alikuwa akitoa ripoti kila nusu mwezi. Sheikh fulani kasafiri. Jahazi limeingia kutoka Basra na uvumi wake. Bei ya chakula imepanda. Watu mkahawani wanafungulia redio ya Berlin badala ya London. Najiuliza, ofisa mmoja Mwingereza na makarani wake wachache, wanayajuaje yote haya?

Swali langu la pili ndilo linaloniumiza kichwa. Kuna mambo ya Sharjah ya 1940: katibu wa Sheikh Sultan bin Saqr, mtawala wa hapo, analaumiwa kwamba anaeneza propaganda ya Hitler. Nataka kuyatumia kwenye makala yangu. Niyaamini?

Nanga_Mbili

Mkuu, lisemwalo lipo. Waingereza hawakuwa watu wa kubahatisha. Tafuta kamusi ya Ghuba ya Lorimer, ofisa wa Kiingereza, sehemu ya jiografia ilitoka 1908 na ya historia 1915. Yule bwana na wenzake waliandika kila kijiji kina nyumba ngapi, mitende mingapi, wakazi ni wa kabila gani. Ikafungiwa kabatini kama siri ya serikali kwa miaka mingi. Watu waliohesabu mitende watashindwa kumjua katibu wa sheikh? Andika makala, tutasoma.

KaraniMstaafu

Ndugu Msomaji, mimi si mwanahistoria. Nilikuwa karani kwa miaka 22, na kwa miaka 11 kati ya hiyo kazi yangu ilikuwa kumwandalia bosi ripoti ya kila wiki mbili kwenda makao makuu. Kwa hiyo nisikilize kama karani.

Ripoti ya wiki mbili haingoji habari. Tarehe ikifika, karatasi lazima iondoke. Ukiwa na jambo utaliandika, usipokuwa nalo utaandika kwamba hali ni shwari ila kuna minong'ono. Nimeandika minong'ono mingi sana maishani mwangu. Kuna mara niliandika kwamba wafanyakazi wa bohari wana manung'uniko, na ukweli ni kwamba mlinzi mmoja alikuwa amenilalamikia viatu vyake. Makao makuu wakaleta watu watatu kuchunguza. Walinzi wote walipata viatu vipya, na mimi nikasifiwa kwa kuwa macho.

Sasa mtazame huyo wakala wa Bahrain. Juu yake yuko Mkaazi wa Kisiasa, ambaye ofisi yake ilikuwa Bushehr, ng'ambo upande wa Iran, hadi ilipohamia Bahrain mwaka 1946. Juu ya Mkaazi kuna serikali ya India huko Delhi, na juu ya Delhi kuna London. Wote wanataka habari, na kadiri unavyopanda ndivyo watu wanavyozidi kutomjua hata mmoja wa wale wanaotajwa. Ukimwandikia mtu wa namna hiyo kwamba hakuna kitu, atajiuliza unalipwa kwa kazi gani.

Nani aliwapa habari? Matajiri wa mjini, manahodha, makarani wa forodha, wakalimani, na mtu yeyote mwenye shida ofisini. Usidharau hao wa mwisho. Ofisi ya wakala ndiyo iliyotoa hati za kusafiri na ndiyo iliyokuwa na mahakama ya wageni. Vita vilipokaza na chakula kikaanza kugawiwa kwa mgao, neno lake lilipita na huko. Mtu anayesubiri karatasi yake haji mikono mitupu. Anakuja na kahabari.

Pwani ya Mapatano, yaani Falme za Kiarabu za leo, ndiko penye utamu. Tangu miaka ya 1820 Waingereza waliweka Sharjah wakala asiye Mwingereza. Chukua mfano wa Isa bin Abdul Latif Al Serkal, aliyeshika kazi hiyo hadi 1935: mfanyabiashara, mtu wa hapo hapo, aliyepewa na Waingereza cheo cha heshima cha Khan Bahadur. Wakati wa vita alikuwapo Abdul Razzaq. Wakala kama huyo ndiye macho na masikio, na barua yake ikitafsiriwa Kiingereza na kupigwa taipu, inageuka kuwa "taarifa". Lakini ni mtu anayeishi na watu. Ana washindani, ana wakwe, ana anaowadai na wanaomdai. Akisema fulani ni mpenzi wa Wajerumani, huenda ni kweli. Huenda pia fulani hajalipa.

Ndugu Nanga_Mbili, mtende unahesabika kwa sababu umesimama. Moyo wa mtu hausimami.

Kuhusu redio. Waitaliano walianza kutangaza kwa Kiarabu kutoka Bari mwaka 1934. Waingereza wakaona wanaachwa, wakafungua idhaa ya Kiarabu ya BBC tarehe 3 Januari 1938, na taarifa yao ya kwanza kabisa ikawa na habari ya Mwarabu wa Palestina aliyenyongwa na serikali hiyo hiyo ya Waingereza. Hebu fikiria umealikwa karamu, na neno la kwanza la mwenyeji ni kwamba jana kamnyonga binamu yako. Kisha Berlin wakaingia na Yunis Bahri, Mwiraki mwenye ulimi mkali, aliyefungua kila tangazo kwa kuwasalimu Waarabu kutoka Berlin na kuendelea na matusi.

Redio zilikuwa chache, zikisikilizwa kwa pamoja mikahawani na kwenye majlis. Kwa shushushu hiyo ni zawadi. Anapita nje tu, anasikia mshale umesimama kwenye stesheni gani, anaandika. Tatizo ni kwamba mtu aliyefungulia Berlin mwaka 1940 anaweza kuwa ana hasira na mambo ya Palestina, au anapenda tu kusikia wakubwa wakitukanwa. Kwenye ripoti wote hao wanapewa jina moja.

Kinachonichekesha ni hiki. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Oktoba 1940, ndege za Italia zilitoka kisiwa cha Rhodes, zikavuka bara Arabu, zikadondosha mabomu Bahrain na Dhahran, halafu zikaenda kutua Eritrea. Kiwanda cha kusafishia mafuta hakikuumia sana. Lakini masikio yote yale yaliyotegeshwa mikahawani yalikuwa yanasikiliza upande ambao hatari haikutokea.

BintiSheha

Shikamoo mzee Karani. Nakubaliana nawe nusu. Hiyo nusu nyingine, naona unawapa vijana kisingizio cha kuyatupa mafaili yote.

Si kila kitu kilikuwa majungu ya mkahawani. Posta za Bahrain, Kuwait na Dubai zilikuwa mikononi mwa India ya Waingereza. Stempu zenyewe za Bahrain zilikuwa za India, zimegongwa tu jina la Bahrain juu yake. Vita vilipoanza barua zikaanza kufunguliwa na wakaguzi. Hapo hakuna mtu anayemwambia ofisa anachotaka kusikia, kuna mfanyabiashara anayemwandikia ndugu yake Bombay kwamba mzigo wa mchele haujafika. Sehemu hizo mimi naziamini.

Tena kuna watoa habari ambao nyote wawili hamkuwataja. Watumwa waliokimbilia ofisi za Waingereza kuomba hati ya uhuru. Muscat ilijulikana kwamba ukifika ukaukumbatia mlingoti wa bendera ya ubalozi, umeomba hifadhi. Kila aliyekuja alihojiwa: jina lako, ulizaliwa wapi, nani alikuchukua, nani alikuuza, kwa nani. Wapo waliotaja pwani yetu, wapo wa Uhabeshi, na miaka ya karibu na vita wengi walikuwa wa Makran, kule Baluchistan. Mwingereza aliandika kwa shughuli zake, kujua nani bado anauza watu. Mimi nasoma kwa sababu mara nyingi hapo ndipo pekee mtu huyo anaposema jina la mama yake. Nimewahi kufunga kompyuta nikatoka nje.

Na msiwaweke Waingereza wote kapu moja. Harold Ingrams alikuwa ofisa Zanzibar kabla ya kwenda Aden mwaka 1934. Yeye na mkewe Doreen walizunguka Hadhramaut kwa punda na ngamia, wakalala kwa watu, na mwaka 1937 makabila yakawa yametia saini mapatano ya kusimamisha vita kwa saini zaidi ya elfu moja. Mpelelezi? Ndiyo, mwishowe ripoti ilikwenda pale pale. Lakini mtu aliyelala kwako anaandika tofauti na aliyepita nje ya mkahawa.

MsomajiWaUsiku

Asanteni sana, wote. Mzee Karani, umeniharibia makala lakini sawa. Sasa huyu katibu wa Sharjah nimfanyeje? Nimwache?

KaraniMstaafu

Marahaba, Binti. Hilo la hati za uhuru sikulifikiria, na nimekaa nalo tangu asubuhi.

Msomaji, usimwache. Ila badilisha swali. Badala ya kuuliza kama alimpenda Hitler, uliza barua ya kwanza ya kumlaumu iliandikwa na nani, tarehe ngapi, na mwandishi alikuwa na nini naye. Kumbuka Sharjah haikuwa kijiji cha kusahaulika. Uwanja wa ndege ulikuwapo tangu mapatano ya 1932, ndege za abiria za Imperial Airways zilitua hapo zikielekea India, na vitani kikaingia kikosi cha jeshi la anga. Katibu anayekaa sikioni kwa mtawala wa mahali kama hapo, wengi wangependa aondoke.

Halafu soma pembeni mwa kurasa, siyo katikati tu. Kule kwetu bosi akikubali jambo alitia saini fupi tu. Akilitilia shaka, ndipo alipoandika maneno marefu kwa penseli. Sitashangaa kama ni hivyo hivyo huko.

Na ukipata nafasi, tafuta habari za Oktoba 1943. Nyambizi ya Ujerumani, U-533, ilizamishwa Ghuba ya Oman na ndege iliyotoka Sharjah. Watu 52 wakafa. Mmoja akaogelea zaidi ya siku nzima mpaka akatokea Khor Fakkan, hoi. Miaka minne mashushushu wanamtafuta Mjerumani kwenye mikahawa ya pwani ile, na aliyepatikana alitoka baharini mwenyewe.