Ushauri: mistari ya paneli kwenye roketi niliyoibuni mwenyewe

NyotaSaba:
Wakuu, habari za humu. Nina roketi ya mfano niliyoibuni mwenyewe kuanzia karatasi tupu, si ile ya kununua ikiwa na vipande vilivyokwisha katwa. Umbo ni la chombo cha vita cha anga za mbali: mwili mwembamba, mabawa mawili mapana karibu na pua, mapezi mawili madogo nyuma, mapipa mawili ubavuni. Nimekwama kwenye urembo. Nataka ionekane kama mabamba ya chuma yaliyounganishwa. Nikichora mistari kwa kalamu inaonekana ya kitoto, nikichimba kwa kisu balsa (ule ubao mwepesi wa mabawa) inachanika. Nifanyeje? Muda umenibana na usingizi sipati.

MzeeMsasa:
Umeziba vinyweleo vya balsa au umeirukia rangi tu? Paka puti nyepesi, msasa namba 220, rangi ya msingi, kisha 400. Na usichanganye rangi. Kijana mmoja wa kundi letu alipiga laka juu ya enameli ambayo haijakauka vizuri, ngozi yote ikajikunja mbele ya macho yetu. Hajarudi kwenye hobi hii. Sasa anafuga njiwa.

FundiPua:
Itaruka au ni ya kabatini?

NyotaSaba:
Asante mzee. Puti nimepaka. Tujikite kwenye paneli jamani.

KobeMbio:
Mimi ningeweka taa.

Binti_Mawingu:
FundiPua kauliza jambo la maana na mleta uzi kalipita kama hajaliona. Itaruka?

NyotaSaba:
Itaruka, dada. Jumamosi. Wanangu na wenzao wameshaambiwa. Mota ya baruti ni C6-5 (C ni daraja la nguvu, 6 ni msukumo, 5 ni sekunde za kusubiri kabla parachuti haijafunguliwa), na pachiko lake, yaani bomba la kuishikilia, la milimita 18 limeshagundishwa, kwa hiyo hilo halijadiliwi.

Binti_Mawingu:
Hapo ndipo penye kazi. Mabawa mapana mbele yanavuta kitovu cha shinikizo la hewa, yaani pale nguvu ya hewa inapokusanyika, kuelekea puani. Ili roketi iende moja kwa moja, kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya hicho cha shinikizo kwa walau kipenyo kimoja cha bomba. Kikiwa nyuma, itageuka ikitoka tu kwenye fimbo ya kurushia na kutafuta watu. Pima ikiwa na mota na parachuti ndani, iweke juu ya ukingo wa rula mpaka itulie. Kitovu cha shinikizo utakipata kwenye OpenRocket, programu ya bure inayokikadiria kwa hesabu za Barrowman. Leta namba.

NyotaSaba:
Programu ninayo, ila sikutaka uzi ugeuke darasa. Bomba lina kipenyo cha milimita 42, urefu 520. Uzito na mota, gramu 205. Kitovu cha uzito kiko milimita 300 kutoka puani, cha shinikizo 270. Lakini mabawa yale ndiyo sura ya chombo chenyewe. Nikiyakata inabaki kalamu yenye mapezi.

KobeMbio:
Kwa namba hizo itaruka vizuri sana. Kinyumenyume.

MzeeMsasa:
Watoto wanaalikwa kabla ya kupima! Zamani tulikuwa tunafunga uzi kwenye kitovu cha uzito, tunazungusha roketi juu ya kichwa, isipoangalia mbele hairushwi. Siku hizi kila mtu anataka makofi kwanza.

Jicho_Kavu:
Samahani, mimi naona chai hapa. Bomba la kadibodi la ukubwa huo, mabawa ya balsa, mota ya C ambayo haifiki hata gramu 30. Jumla 205? Hata ukiipaka rangi kila wiki haifiki. Halafu "wanangu wameshaambiwa", muda umembana, usingizi hana. Tumeshafungwa kamba na nyuzi za namna hii. Picha iko wapi?

KobeMbio:
Naungana na Jicho. Labda chombo ni cha chuma kweli.

FundiPua:
Usimshambulie, ila uzito huo nami umenishangaza. NyotaSaba, kuna nini humo ndani?

NyotaSaba:
Ndani hakuna kitu. Nyuma kuna nozeli nne za alumini, midomo ya moto ya urembo tu, nimezichonga mwenyewe kwenye mashine ya kukerezea. Gramu 48 zote pamoja. Ndizo zilizonichukua muda kuliko kitu chochote na zinang'aa kama kioo. Mabawa nimeyapaka epoksi yasivunjike. Picha nitaweka rangi ikikamilika, siwezi kuonyesha kazi nusu.

Binti_Mawingu:
Kwa hiyo tatizo si mabawa, ni mkia! Kanuni za usalama za wenzetu wa roketi za mfano zinataka pua, mwili na mapezi viwe vyepesi na visiwe vya chuma. Wewe umeweka chuma, tena mahali pabaya kuliko pote. Tupige hesabu. Gramu 48 zikitoka, kwa kuwa zilikaa karibu na milimita 500, unabaki na gramu 157 na kitovu cha uzito kinasogea mpaka 239 hivi. Umeshaipita 270 kwa milimita 31, bado kidogo tu kufika kipenyo kimoja cha 42, na mabawa hayajaguswa.

FundiPua:
Bado mota haitoshi, dada. C6 kwa jina lake ni newtoni 6 kwa wastani, na kikomo cha uzito wa C6-5 wakati wa kuruka ni kama gramu 113. Atoe pachiko la 18, aweke la 24 kwa ajili ya D12, mota yenye nguvu zaidi. Urefu wa mota ni uleule, milimita 70. Ila D ni nzito zaidi kwa kama gramu 19, zote mkiani, kwa hiyo puani aweke udongo wa mfinyanzi wa gramu 40. Jumla inakuja karibu 215. Newtoni 12 za jina lake zinabeba huo mzigo mara tano hivi. Hapo inatoka kwenye fimbo ikiwa na mwendo.

NyotaSaba:
Pachiko nimelishika kwa epoksi. Na nozeli siziachi, nimeshasema.

MzeeMsasa:
Kijana, usishindane na hewa.

Binti_Mawingu:
Usiziache. Ziwe za kabatini. Tengeneza nne nyingine za karatasi ngumu, koni tupu, uzipake rangi ya fedha. Kwa umbali wa kurushia hakuna atakayejua. Zifunge kwa skrubu ya plastiki ili ubadilishe.

NyotaSaba:
Hilo la skrubu naweza kulikubali. Pachiko nitajaribu kulikwangua kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Lakini hakuna aliyejibu swali langu.

FundiPua:
Usichimbe balsa, ongeza juu yake. Kata vipande vya karatasi ya lebo inayojigundisha, vibandike ukiacha nafasi kama nusu milimita kati yao, kisha rangi ya msingi juu ya vyote. Nafasi ndiyo mstari. Changanya rangi nyeusi na maji mengi, pitisha kwenye hizo nafasi, futa iliyobaki kwa kitambaa. Masizi ya mkiani tumia unga wa chaki, umalizie kwa vanishi isiyong'aa. Paneli zisilingane ukubwa. Na usizidishe mkiani, kila karatasi ina uzito.

Jicho_Kavu:
Mtu wa kutunga asingejua kukerezea nozeli. Labda. Picha bado.

NyotaSaba:
Nimeng'oa pachiko, limetoka na kipande cha bomba lakini linazibika. Swali la mwisho: D12-5 au D12-3?

Binti_Mawingu:
3. Kwa uzito huo na mabawa hayo haitapanda juu sana, sekunde 5 parachuti itafunguka ikiwa inashuka kwa kasi. Na Jumamosi iahirishe kama jaribio la kuzungusha kwa uzi la MzeeMsasa litakataa.