Naomba ushauri: kumkinga mama mwenye kisukari dhidi ya kuhara safarini

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Ninajiandaa kusafiri nje ya nchi kwa mapumziko pamoja na mama yangu, ambaye ana kisukari na anatumia metformini pamoja na dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo. Hofu yangu kubwa ni kuhara, kwa sababu mtu wa umri wake akipungukiwa maji mwilini, figo huelemewa upesi na sukari nayo huyumba.

Chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A tumeshachoma mapema. Tumekubaliana kunywa maji ya chupa iliyofungwa au yaliyotokota kwa dakika 1 nzima, kuepuka barafu na saladi mbichi, na kunawa kwa sabuni, maana vitakasa mikono haviviui vizuri baadhi ya virusi vya tumbo. Nimefungasha pia paketi za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kila moja ya kuchanganywa na lita 1 ya maji safi.

Ninapokwama ni hapa: ORS ina glukosi. Je, mwenye kisukari huinywa kama mtu mwingine yeyote, huku akipima sukari mara kwa mara? Na akianza kuhara na kutapika, ni ipi kati ya dawa zake husimamishwa kwa muda, na kwa maelekezo ya nani?

Daktari wake tutamwona kabla ya kuondoka, lakini ningependa kufika kwake nikijua la kuuliza. Nitashukuru sana kusikia kutoka kwa wauguzi, wafamasia na yeyote aliyewahi kumuuguza mzazi ugenini.