Inchaji ataka nijaze presha ambazo hazikupimwa, nifanyeje?

BintiLikoni: Asalaam aleykum jamani, mimi ni nesi wodi ya wazazi, hospitali moja ya kibinafsi hapa Mombasa, jina silitaji. Juzi usiku tulikuwa wawili tu, mimi niko leba na mama ambaye mtoto katanguliza matako, mwenzangu ndio ana wodi nzima. Huko wodini mama alokuwa ashajifungua akaanza kuvuja damu, kuja kuonekana shuka imerowa chapa, akakimbizwa thieta, alhamdulillahi yuko hai. Sasa karatasi yake iko wazi toka saa nne mpaka saa saba, hakuna presha hakuna mapigo, wala kama kizazi kilishikwa kikaonekana kimekaza. Inchaji, msimamizi wa wodi yetu, kaniita pembeni ati nijaze "za kawaida" maana familia yaulizia faili. Mkataba wangu wakaribia kuisha na yeye ndiye asema nani abaki, na nyumbani wanitegemea. Sitaki kujaza, lakini pia sitaki mwenzangu aonekane mzembe, usiku kucha alikuwa mbio.

Kaka Tudor: Jaza tu dadangu, yafanywa kila mahali, mgonjwa si kapona? Nje kuna watu wangapi waitaka hiyo kazi.

MamaLeba: Kaka hapana, wallahi hapana. Mwanangu, ile kupima kila dakika 15 masaa 2 ya kwanza si pambo, mzazi aweza kumwaga damu presha ikabaki sawa, mapigo ndio hutangulia kupanda. Ukiandika 120 kwa 80 saa tano, daktari atasoma aamini damu ilikuja ghafla. Na huo uwazi ndio waonesha mlikuwa wawili! Ukiujaza mtapangwa wawili tena, kwa sababu kwenye karatasi mambo yalienda vizuri. Kama wampenda mwenzako uache ulivyo, wamtetea. Wewe andika yako, saa iwe ile unayoandikia na useme waandika baadaye, ulikuwa leba toka saa ngapi, wodi ilikuwa na wagonjwa wangapi, uliitwa saa ngapi. Ya mwenzako aandike mwenyewe. Fomu ya tukio mpelekee matroni, mkubwa wa manesi, nakala ya barua yako ubaki nayo.

Wakili_Kisauni: Nakala ya barua, si ya faili. Usipige picha faili kwa simu, kuna sheria ya kulinda data ya 2019, watakugeuzia kesi. Na sahihi ni yako, si ya alokutuma. Hata kanuni za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zipo toka 1953 na zikapitiwa tena 2021, zasema nesi awajibika yeye mwenyewe kwa kazi yake.

BintiLikoni: Shukran sana. Nimempigia mwenzangu, kalia kisha kasema ataandika yake, kesho twaenda kwa matroni pamoja. Inchaji nimwambieje bila kumvunjia heshima?

MamaLeba: "Sista, hizi sikuzipima, siwezi kuzitilia sahihi, lakini ripoti ya upungufu wa manesi niko tayari tuiandike pamoja." Basi, usiongeze neno. Na kwa matroni mwende asubuhi mapema, kabla faili haijatolewa wodini.