Korti ilimwachia Kamerhe. Sisi wa Bukavu tumwachie?

Jana pale Nyawera, tukingoja teksi, wazee wawili nusura washikane mashati kwa ajili ya Vital Kamerhe, mwanasiasa wetu wa Kongo. Mmoja anamwita mtoto wa kwetu, mwingine anamwita mfungwa wa Makala, lile gereza la Kinshasa. Nikasema basi, mjadala niulete hapa.

Mimi kuna jambo namheshimia. Mwaka 2009, akiwa spika wa Bunge la Kongo, alihoji hadharani jeshi la Rwanda kuingia Kivu bila Bunge kuambiwa. Akalazimika kuachia kiti. Wengi wangenyamaza, wale mshahara. Akaunda chama chake, UNC, akagombea urais 2011, akawa wa tatu.

Halafu 2019, mpango wa siku 100 wa Rais Tshisekedi. Yeye ndiye mkurugenzi wa ofisi ya rais. Pesa za nyumba zikatoka, nyumba zikasubiriwa. Juni 2020 akahukumiwa miaka 20, kwa wizi wa karibu dola milioni 50. Rufaa ikashusha hadi 13. Juni 2022 korti ikaamua hana hatia. Machi 2023 waziri wa uchumi, Mei 2024 spika tena, mpaka alipojiuzulu Septemba 2025.

Haya, kama si yeye, ni nani? Nilitegemea kwamba mtu aliyesingiziwa, tena akiwa na madaraka, angekuwa wa kwanza kudai hesabu ya zile pesa.

Wa Kadutu:
Ndugu yangu, unamtaka mshtakiwa afanye kazi ya mwendesha mashtaka? Kumbuka Nairobi, Novemba 2018: alimpisha Tshisekedi agombee urais, kwa makubaliano kwamba 2023 ni zamu yake. Aprili 2020 yuko gerezani. Hapo huoni kitu?

Mimi tena:
Nakiona, mzee. Lakini hata kesi ikiwa ya siasa, dola zilitoka kweli. Na wewe uliye Kadutu, ambako mvua ikizidi nyumba zinateremka na udongo, ulipaswa kukasirika kunishinda.

Mama wa Panzi:
Nyinyi wanaume mnahesabu dola na vyeo tu. Jaji Raphaël Yanyi alikufa Mei 2020, kesi ikiwa mikononi mwake. Waziri wa sheria mwenyewe alitangaza kwamba uchunguzi wa maiti ulionyesha alijeruhiwa kichwani. Simsingizii mtu. Nauliza tu mbona tumefika hapa chini na hakuna aliyemtaja.