Naomba ushauri: rangi za jiko jipya lenye makabati ya mninga

Ndugu wanajamvi, habari za wakati huu. Tunamalizia nyumba yetu Kigamboni, na naomba mwongozo wenu kuhusu jiko kabla fundi hajaanza kupaka rangi. Makabati ya chini yameshatengenezwa kwa mninga, na kwa kuwa mbao hizo zina wekundu wake wa asili unaopendeza, nisingependa kuufunika; ninachotafuta ni rangi za kuambatana nao.

Mume wangu anapendelea jiwe jeupe la marumaru juu ya makabati hayo. Mimi nasita, kwa sababu sisi ni watu wa ndimu, ukwaju na siki, na marumaru halisi hushambuliwa na tindikali, ikabaki na mabaka ambayo hayatoki hata ukisugua vipi. Ninaegemea granaiti ya kijivu, ila nyeusi nayo inanivutia, ingawa dirisha ni moja tu na linatazama ukuta wa jirani.

Je, makabati ya juu yakipakwa rangi ya maziwa isiyong'aa, yatapatana na mninga, au niyaache yote ya mbao? Na vigae vya nyuma ya jiko la gesi viwe vya rangi gani, ikizingatiwa kwamba bizari ikirukia kwenye maungio meupe huacha alama? Vishikio pia vinanitatiza: nimependa vya rangi ya shaba, lakini bomba la sinki tayari ni la chuma cha pua, na hewa ya chumvi ya huku haina huruma. Aliyewahi kuchanganya metali mbili katika jiko moja anieleze matokeo yake.