Kitenzi "look" na vihusishi vyake: mbona maana hugeuka hivi?

Swali
Ndugu zangu, najiandaa kwa mtihani wa Kiingereza na kitenzi "look" kinanitatiza. Najua maana yake ni kutazama, lakini juzi niliandikiwa "please look after the files", nami nikayapitia mafaili yale kwa macho na kuyaacha mezani, kumbe nilitakiwa kuyatunza. Je, ipo kanuni, au ni kukariri tu?

Jibu la kwanza
Pole sana, ndugu. Kikifuatwa na "for" ni kutafuta, na "into" ni kuchunguza, na "down on" ni kudharau. Kwa hiyo kikariri pamoja na kihusishi chake kana kwamba ni neno moja. Jambo hili si geni kwetu, kwani Kiswahili huifanya kazi hiyo ndani ya kitenzi chenyewe: anayehama Tanga anaondoka, anayehamia Tanga anakwenda kukaa huko, na tofauti yote imebebwa na irabu moja.

Jibu la pili
Naongezea suala la mpangilio, ambalo huwaponza wengi. Unaweza kusema "look up the word" au "look the word up", yaani kulitafuta neno kamusini, lakini kiwakilishi ni lazima kikae katikati: "look it up". "Look after" haitenganishwi hivyo. Husemwa "look after it".

Muulizaji
Asanteni sana, hasa kwa mfano wa kuhama. Na "look up to" nayo inahusu kamusi?

Jibu la pili
La, hiyo ni kumstahi mtu na kumwona kielelezo.